Umechukua gari la umeme kwa lisi? Soma hii kabla hujanunua kinga ya rimu

Mwezi wa tatu nilirudisha Nissan Leaf niliyokaa nayo kwa lisi, yaani kukodi kwa mkataba, miaka miwili hapa Nakuru. Betri iko sawa, bodi iko sawa, viti vimeoshwa, nikajua nimemaliza. Yule kijana wa ukaguzi akachuchumaa kwa gurudumu la mbele, akatoa ile pete ya plastiki niliyonunua ya kukinga rimu, akapitisha kidole, kisha akaniita nione. Chini ya pete rangi ilikuwa imelika duara nzima, kama mtu amepiga msasa. Zote nne hivyo hivyo! Nikalipia kupakwa rangi upya rimu ambazo hazijawahi kugusa ukingo wa barabara, na pete nilinunua na pesa yangu.

Kwa hivyo mambo ya rangi gani inapendeza mtayapata kwingine. Mimi kila kitu nakiuliza swali moja tu, siku ya kukitoa tutapata nini chini yake? Nakuru ni vumbi, hata jina lenyewe wengi husema lilitoka kwa Kimaasai, mahali pa vumbi. Kiangazi ukiishi Kiamunyi ama Lanet hiyo vumbi laini inaingia kila mahali, na ikishaingia kati ya plastiki na rimu haitoki, gari likitembea inasugua tu, miaka miwili inasugua.

Na hili gari ni zito. Leaf ya zamani ya betri ya 24 kWh ina kama kilo 1,500 kwa sababu ya hiyo betri, ukigusa ukingo pale Kenyatta Avenue ukipaki, uzito wote unaenda kwa rimu. Halafu fundi anajaza upepo 30 kwa mazoea wakati kibandiko cha mlango kinasema 36, tairi inalala, rimu inakaribia jiwe. Nyingi hata spea hazina, unapewa dawa ya pancha na pampu basi.

Namba moja kwangu ni tairi yenyewe. Kuna tairi zinatengenezwa na mkanda wa mpira uliovimba ubavuni, umetokeza nje kupita mdomo wa rimu, ukigusa ukingo mpira ndio unakwaruzika. Hakuna kitu cha kutoa, hakuna mahali vumbi itajificha. Kuonyesha mkanda huo upo, Continental wanaandika FR kwa katalogi, Goodyear FP, Yokohama RPB, Dunlop MFS. Mimi ni mpenzi wa Continental na sifichi, nimeziweka kwa gari nililo nalo sasa na nikienda kununua nyingine nitarudi hapo hapo. Lakini msinunue jina, tairi ya aina moja inaweza kuwa na huo mkanda kwa saizi hii na ikose kwa saizi ile, na mara nyingine herufi zenyewe haziko kwa tairi. Mimi nilienda dukani na rula ya shule ya mtoto. Tairi ikishafungwa kwa rimu na kujazwa upepo, weka rula wima ubavuni, ipite juu ya rimu. Ikigusa mpira kwanza na ubaki mwanya kwa rimu, lipa. Ikigusa rimu, hiyo waachie. Angalia pia namba ya uzito ambao tairi inaweza kubeba, kwa saizi ya 215/50R17 kuna 91 ya kubeba kilo 615 kwa kila tairi na kuna 95 ya kilo 690. Usikubali kushushwa chini ya ile gari lilikuja nayo.

Namba mbili, rimu za chuma, zile za aloi ukafungie stoo. Omba ruhusa ya kampuni kwa maandishi kwanza. Leaf ni nati tano kwa duara la milimita 114.3, huandikwa 5x114.3, kwa hivyo za Toyota Wish hazitaingia maana hizo ni 5x100, na kuna muuzaji aliniapia zitaingia.

Pete za nailoni kama AlloyGator ya Uingereza, zinazobanwa kati ya tairi na rimu, naziweka ya tatu, na ni kwa mtu atakayezitoa kila miezi mitatu, aoshe, arudishe. Kila mara ni upepo kutolewa na fundi kulipwa, piga hesabu hiyo kabla. Za gundi kama Rimblades zinafuata, zinataka rimu safi kabisa siku ya kubandika, na ile mashine ya kuoshea gari isielekezwe kwa ukingo wake. Za bei ya chini za kukatwa kwa mita, hapana.

Kitu kinaniuma ni mikataba. Uingereza chama cha kampuni za lisi, BVRLA, kimekuwa na mwongozo unaokubali mikwaruzo ya jumla ya milimita 50 kwa rimu moja. Mkataba wangu uliandika "uharibifu wowote", maneno mawili, na mimi nikatia sahihi. Huu wa sasa nilikataa mpaka wakaandika kipimo, na siku ya kuchukua gari nikapiga picha kila rimu na ile rula iko kando yake. Na wauzaji wa tairi, jamani, nikiuliza bei kwa simu ni moja, nikifika na gari wakione ni la umeme inapanda, saizi ni ile ile. Siku hizi naacha gari mbali, naingia dukani kwa miguu na saizi nimeandika kwa karatasi.