Wanawake wa TANU: nyaraka au masimulizi?
Ukitaka kuchunguza jinsi wanawake walivyoijenga TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, miaka ya 1950, una njia mbili. Nyaraka za serikali ya kikoloni zinafaa kwa tarehe na mpangilio wa matukio, ila karani aliandika yaliyomhusu bosi wake, na akina mama hawakumhusu sana. Masimulizi ya wanawake wenyewe yanaingia mpaka uani. Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza kitengo cha wanawake tangu 1955, alikuwa mwimbaji wa ngoma; vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam ndivyo vilivyopitisha habari na kuvuta wanachama. Hilo kalitafute kwenye faili la mkoloni! Kweli, wasimulizi huchanganya miaka. Hata hivyo ningeanza nao, halafu tarehe nizihakiki kwenye nyaraka.