Gari la kampuni Uingereza: tazama rimu kabla ya kusaini

Wanaopewa gari la kazini Uingereza hulalamika jambo lilelile: muuzaji alitaja kodi hii, karatasi ya mshahara ikaja na nyingine, kubwa zaidi. Lawama zote hurushwa HMRC, mamlaka ya kodi ya huko, na mara nyingi kosa liko kwenye magurudumu.

Gari hilo hutozwa kodi kama sehemu ya mapato yako, na hesabu yenyewe ni fupi. Bei ya orodha ya gari likiwa jipya, ile inayoitwa P11D (VAT, usafirishaji na vikorombwezo vimo, ada ya usajili haimo), huzidishwa kwa asilimia inayotokana na gramu za hewa ukaa kwa kilomita. Jibu lake huzidishwa kwa kiwango chako cha kodi ya mapato, kwa mfano asilimia 20 au 40. Punguzo alilopewa mwajiri dukani halikuhusu. Hata gari lililokwisha kutumika hutozwa kwa bei yake ya siku lilipokuwa jipya, kwa hiyo ujanja wa kuchukua mtumba hapa haufui dafu.

Mwaka wa kodi wa 2026/27, gari la umeme tupu ni asilimia 4. Haibridi ya plagi (yenye injini ya mafuta na betri ya kuchaji) ya gramu 1 hadi 50 hupangwa kwa maili inazokwenda kwa betri peke yake: 130 na kuendelea asilimia 4, 70 hadi 129 asilimia 7, 40 hadi 69 asilimia 10, 30 hadi 39 asilimia 14, chini ya hapo 16.

Sasa tazama pale kwenye 40 na 39. Maili moja pungufu, asilimia inapanda kwa alama nne. Chini ya WLTP, vipimo rasmi vya matumizi na hewa ukaa, kila gari hubeba takwimu zake lenyewe, kulingana na lilivyoagizwa. Rimu za inchi 19 badala ya 17 huja na tairi pana zaidi, zenye uzito na mkinzano mkubwa barabarani. Paa la kioo nalo huongeza kilo. Haibridi ambayo brosha inaisifu kwa "hadi maili 42" inaweza kutoka kiwandani ikiwa na 39, na cheti chake cha kiwanda ndicho kinachofuatwa na kodi. Neno "hadi" katika brosha lina gharama.

Piga hesabu. Haibridi ya pauni 40,000 kwenye asilimia 10 huhesabiwa kama manufaa ya pauni 4,000 yanayotozwa kodi. Mlipaji wa asilimia 40 anakatwa pauni 1,600 kwa mwaka. Ongeza rimu na urembo wa pauni 2,500, maili zishuke chini ya 40: 42,500 kwa asilimia 14 ni 5,950, kodi 2,380. Pauni 780 kila mwaka, kwa ajili ya rimu zinazochubuka kwenye ukingo wa barabara wiki ya kwanza.

Nafasi ya kwanza naipa Kia EV3, gari la umeme tupu, na sifichi upendeleo wangu. Bei huanzia karibu pauni 33,000, betri ni ya kilowati-saa 58.3 au 81.4, dhamana miaka 7 au maili 100,000. Umeme tupu hauna ngazi za maili, kwa hiyo rimu haziwezi kukupandisha daraja. Zinagusa bei tu. Muuguzi wa NHS, huduma ya afya ya umma, anayelipa asilimia 20 atakatwa takriban pauni 264 kwa mwaka kwa gari la bei hiyo, yaani 22 kwa mwezi. Kuchaji bure kazini hakutozwi kodi. Chukua toleo la chini, lenye betri kubwa ukiwa msafiri. Anayeishi ghorofani bila mahali pa kuchajia apige hesabu upya: umeme wa nyumbani una VAT ya asilimia 5, wa vituo vya barabarani kwa kawaida 20.

Ya pili ni Volkswagen Golf eHybrid. Inafika maili 80 na ushei kwa umeme, kwa hiyo hata rimu zikila maili kadhaa bado uko juu ya 70. Nafasi hiyo ya kupumua ndiyo unayoinunua. Haibridi zinazoning'inia kwenye 41 au 42 siziweki kwenye orodha kabisa.

Lakini kuna tarehe ambayo wauzaji huimeza: Aprili 2028. Kuanzia 2028/29 ngazi zote za maili zinafutwa, na haibridi ya gramu 1 hadi 50 inakuwa asilimia 18, mwaka unaofuata 19. Umeme utakuwa 7, kisha 9. Mkataba wa miaka minne unaosainiwa leo unavuka mpaka huo, ilhali makadirio mezani huonyesha mwaka wa kwanza tu. Dai ya miaka yote.

Toyota, kipenzi chetu tangu nyumbani, itawaudhi wengi hapa. Corolla haibridi haina plagi. Gramu zake zinazunguka 100, na kwa gramu 100 hadi 104 asilimia ni 26. Neno "haibridi" kwenye buti halipunguzi chochote. Pikapu za milango minne nazo, tangu 6 Aprili 2025, mpya hutozwa kama magari ya kawaida, si kama vani.

Wa bajeti ndogo: MG4 ya umeme, toleo la chini, basi.

Usikubali mafuta ya bure ya matembezi binafsi. Mwaka 2025/26 yalihesabiwa kwa pauni 28,200 mara asilimia ya gari. Kwenye asilimia 30, mlipaji wa 40 alitoa pauni 3,384 hata kama alijaza tanki chache.

Kabla ya kusaini, omba kwa maandishi P11D, gramu na maili za umeme za gari lilelile uliloagiza, rimu na paa vikiwemo. Muuzaji akikutumia brosha, mrudishie. Gari likifika, linganisha na cheti cha kiwanda, kisha fungua akaunti yako ya HMRC uone mwajiri ameandika maili zipi. Cheti huandika kilomita. Gawanya kwa 1.609.