Tahadhari: "Losheni ya melanini" wanayouziwa wenye ualbino Dodoma haizuii jua

Ndugu zangu, hasa wenzangu wenye ualbino na wazazi wenye watoto wenye ualbino hapa Dodoma mjini, Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa. Kuna mtu anazunguka kwenye minada na mitaani akiuza losheni ya kahawia kwenye chupa nyeusi, anaiita "losheni ya melanini", yaani ya ile rangi ya asili ya ngozi. Anasema ukiipaka ngozi inapata rangi, madoa ya jua yanakwisha, na jua halikugusi tena. Rangi kweli utaipata. Hayo mengine mawili ni uongo, na huo wa mwisho unaweza kumuua mtu.

Mimi alinifuata mnadani Msalato. "Dada, jua la Dodoma utalisahau. Ukishapaka hii, kofia ya nini tena?" Chupa anaanza na shilingi 45,000, ukisitasita anashuka hadi 30,000. Kwenye simu ana picha za mkono mweupe wenye madoa, halafu mkono wa kahawia usio na doa hata moja. Anataka umlipe kwa simu hapo hapo, risiti hatoi, na ukimpigia baadaye hapatikani. Siandiki jina lake wala namba yake kwa sababu vyote anavibadilisha kila aendako, na mkishikilia jina atawapita. Shikeni maneno yake na hiyo chupa.

Chupa ya kwanza kuishika vizuri mkononi ilikuwa ya binti wa shangazi yangu, naye ana ualbino, anauza zabibu barabarani upande wa Hombolo. Mbele ina jina la kigeni na picha ya mwanamke yuko ufukweni. Nyuma imebandikwa stika ya Kiswahili: "Huongeza melanini. Huondoa madoa. Kinga ya jua saa 24." Hakuna jina la mtengenezaji, hakuna anwani, hakuna tarehe ya kwisha muda. Kona moja ya stika ilikuwa imeinuka kidogo, chini yake yanaonekana maandishi. Nikailoweka chupa kwenye maji ya moto, stika ikabanduka yote. Chini yake, kwa herufi ndogo za Kiingereza, palikuwa na onyo kwamba bidhaa hii haina kinga ya jua, haizuii kuungua, na kwamba kuianika ngozi juani mara kwa mara bila kinga kunaweza kuongeza hatari ya saratani ya ngozi, hata kama hujaungua.

Onyo hilo mtengenezaji hakuliweka kwa hiari yake. Sheria ya Marekani inataka kila bidhaa ya kupaka rangi ngozi isiyo na kinga ya jua iandikwe hivyo. Stika ya Kiswahili ilikuwa imefunika mistari hiyo tu. Viambato havikufunikwa, namna ya kupaka haikufunikwa. Aliyebandika aliyasoma yale maneno, akayaelewa, ndipo akayaficha. Kwa hiyo naomba tusiseme huyu ni mfanyabiashara asiyejua anachouza.

Sasa losheni yenyewe ni kitu gani? Kinachofanya kazi ndani yake kinaitwa dihaidroksiasetoni, kwenye lebo tafuteni herufi DHA. Ni aina ya sukari. Ikigusa tabaka la juu kabisa la ngozi, lile la seli zilizokwisha kufa, inaungana na chembechembe za protini zilizopo pale, na baada ya saa chache panageuka kahawia. Ni badiliko la namna ile ile inayoupa mkate rangi ukiwa kwenye oveni. Melanini haihusiki hata kidogo. Iligunduliwa Marekani miaka ya 1950: mtafiti Eva Wittgenstein, kule Cincinnati, alikuwa akiwapa watoto wagonjwa DHA wainywe, akaona ikimwagikia ngozi inaacha rangi ya kahawia. Mwaka 1960 kampuni ya Coppertone ikaingiza sokoni losheni ya namna hiyo. Wazungu wanaitumia ili wapate rangi bila kulala juani, na kwa kazi hiyo ni salama kuliko kujianika. Bidhaa yenyewe sina ugomvi nayo.

Lakini hata huko kwao, mwenye ngozi nyeupe yenye madoa ya jua hupewa masharti yake. Madoa yaangaliwe kwanza na daktari. Ngozi isuguliwe taratibu, viwiko na magoti yapakwe mafuta ya kawaida, losheni ipakwe nyembamba, isifike machoni wala midomoni. Tena anaambiwa wazi kwamba madoa hayatafutika. Mara nyingi yanakolea kuliko ngozi iliyoyazunguka, kwa sababu palipo pakavu na penye magamba pananasa rangi nyingi zaidi. Ngozi ya juu inavyozidi kubanduka rangi nayo inaondoka, kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi, na inaondoka kwa mabaka. Huyu muuzaji wa kwetu haelezi lolote kati ya haya, kwa sababu mabaka ndiyo biashara yake ya pili. Mteja akirudi kulalamika anauziwa "krimu ya kusawazisha", kikopo hakina lebo kabisa. Krimu za namna hiyo msizipake. Nyingi ni mkorogo, yaani za kujichubua, na ndani ya mkorogo kumeshakutwa zebaki, haidrokwinoni na steroidi kali, vitu ambavyo ngozi yetu ndiyo ya mwisho kuviweza.

Kuhusu jua, sikilizeni vizuri. Rangi ya DHA inazuia jua kidogo mno, kama SPF 3 au 4 (SPF ni kipimo cha kinga ya jua, namba ikiwa kubwa kinga ni kubwa), na hiyo ni kwa saa chache tu baada ya kupaka. Mafuta tunayopewa kliniki, yale ya Kilisun yanayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, ni SPF 30, na hata hayo unaambiwa uyarudie mchana na kofia usiivue. Dodoma tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, miti michache, na kiangazi chetu ni kirefu. Kumwambia mwenye ualbino avue kofia hapa kwa sababu amepakwa rangi ni kumpeleka kaburini.

Binti wa shangazi aliivua, akavaa na blauzi ya mikono mifupi. Alivyokuwa na furaha ya kutoka bila kujifunika, mimi simlaumu hata kidogo. Haikupita wiki, mabega na shingo vimeungua, malengelenge juu ya ngozi ya kahawia. Lakini lililonitisha ni sikio. Juu ya sikio la kushoto alikuwa na doa la rangi ya waridi, dogo, lenye ukoko, na tulishakubaliana alipeleke hospitali. Alivyopaka losheni doa likawa kahawia pamoja na sikio zima, hakuna aliyeliona tena, safari ya hospitali ikasahaulika. Rangi ilipokuja kubanduka tukakuta ukoko umeongezeka, pembeni pameinuka, na ukigusa kwa kitambaa panatoa damu. Hospitali walikata kinyama kidogo kikaenda maabara, na majibu yakawa ni saratani ya ngozi ambayo bado haijasambaa. Wameshaikata yote, anaendelea vizuri, ila kipande cha sikio kimekwenda.

Ndiyo maana nasema ubaya wa losheni hii kwetu umezidi ule wa kupoteza pesa. Sisi madoa yetu tunayalinda kwa macho, na wengi wetu macho yenyewe ni hafifu, tunategemea mama, dada au mwenza atutazame masikio, kisogo na midomo. Rangi ya kahawia inafunika wekundu, na mara nyingi wekundu ndiyo dalili ya kwanza. Mkiwa nayo mwilini sasa hivi, tumieni vidole. Doa la hatari mara nyingi unalihisi kabla ya kuliona: pakavu, panakwaruza, magamba yakitoka yanarudi pale pale. Kidonda kisichopona kwa mwezi, kinachotoa damu kwa kuguswa kidogo, au uvimbe unaokua, msisubiri rangi iishe. Nendeni hospitali ya mkoa au Benjamin Mkapa, mwambieni daktari kwamba mmepaka losheni ya rangi ili asidanganyike na anachokiona. Madoa ya mwanzo hugandishwa kwa naitrojeni au hupewa dawa ya kupaka, mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Yakichelewa ndipo panapokuja upasuaji mkubwa na safari za hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Wazazi, nawasihi kwa namna ya pekee. Nimeambiwa na mama mmoja wa Chamwino kwamba huyu mtu alimshauri ampake mtoto mchanga mwili mzima, hadi kope na midomo, "ili melanini iwahi kurudi". Melanini haiwezi kurudi, mama. Ualbino mtoto ameurithi kwa baba na mama wote wawili, yuko hivyo tangu tumboni, na hakuna losheni duniani inayoubadilisha. Mtoto wako anahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya jua na kivuli. Pesa ya hiyo chupa moja inanunua kofia na mashati ya shule, na chenji inabaki.

Jingine ambalo limeanza majuzi: wanaorudi kwake anawaonyesha vidonge vya rangi ya chungwa, eti vinafanya kazi "kutokea ndani". Huko nje vidonge vya kutia ngozi rangi vinajulikana, vingi vina kanthaksanthini, rangi inayotiwa kwenye vyakula, na Marekani havijaruhusiwa kwa kazi hiyo. Vimehusishwa na madhara ya ini na vijiwe vidogo kwenye retina ya jicho. Kama hivi vyake ndivyo hivyo au ni kitu kingine, kwenye pakiti hakuna pa kusoma. Kwa macho yetu yalivyo, msimeze.

Mwenye chupa au vidonge hivyo asivitupe. Vifungeni kwenye mfuko na stika yake ikiwa bado imebandikwa, hifadhini ujumbe wa muamala wa pesa, piga picha mbele na nyuma. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya Shirika la Viwango (TBS), vidonge ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na wote wana ofisi za Kanda ya Kati hapa Dodoma. Chupa ya binti wa shangazi tumeshaikabidhi TBS, na walichotuomba ni chupa nyingine kutoka kwa wanunuzi wengine, pamoja na mahali na siku iliponunuliwa. Mara ya mwisho muuzaji huyo kuonekana ilikuwa Kibaigwa, anauliza mnada unaofuata ni wapi.