Moneymaker uani kwangu Walukuba: nyanya ndefu yataka mtu wa kushinda nyumbani

Nianze na jibu, maana najua wengi ndilo mnalolitaka. Mbegu ya nyanya ya Moneymaker inunueni kama ua wenu ni mdogo na nyumbani kuna mtu wa kuipitia mimea mara kwa mara. Kama unapanda leo na kurudi ukisikia zimeiva, au unalima eka nzima ili upakie maboksi kwenda Kampala, iache dukani. Sababu ndizo hizi.

Mimi ni dereva mstaafu wa trela. Nilizaliwa Changamwe, nikaishika barabara ya Mombasa, Malaba hadi Kampala mpaka macho yakaikataa kazi ya usiku, na sasa nimetulia Walukuba, Jinja, na mama watoto ambaye ni Msoga wa hapahapa. Ua wetu ni kipande tu: upande huu ukuta wa jirani, upande ule tangi la maji, katikati kamba ya nguo ambayo haina ruhusa ya kuhamishwa. Mahali kama hapo shamba haliwezi kutanuka, linaweza kupanda juu tu. Ndiyo maana nilitaka nyanya ndefu.

Duka nililonunulia liko mjini, silitaji. Binti aliyeniuzia alikuwa na adabu, ila alinishangaa. "Mzee, hiyo ni mbegu ya zamani. Chukua chotara, inazaa kuliko hiyo." Hakusema uongo. Mbegu chotara nyingi zinazaa zaidi, ganda lake ni gumu zaidi, na zinahimili magonjwa ambayo Moneymaker haiyawezi. Lakini chotara huuzwa kwa idadi ya mbegu, utadhani ni vidonge vya hospitali, na ukikamua mbegu ya tunda lake ukaipanda msimu ujao, miche inatoka mchanganyiko, kila mmoja na tabia yake. Moneymaker si chotara. Unainunua mara moja, na ukijua kuitunza mbegu, humwoni tena muuzaji.

Sasa pakiti yenyewe. Picha nzuri, nyanya za mviringo zimewiva nyekundu. Nyuma kuna tarehe ya mwisho, kiwango cha uotaji, na idadi ya siku hadi mavuno. Neno moja la maana halimo: kwamba mmea huu haukomi kurefuka. Kwa mtu wa bustani ya nyumbani hilo ndilo jambo la kwanza kujua, kabla hata ya ladha.

Nyanya ziko za aina mbili kwa tabia ya ukuaji. Zipo fupi, za kichaka, ambazo shina likifika kimo chake linamalizia na kichala cha maua, basi, zinazaa karibu zote kwa mkupuo. Hizo ndizo wakulima wetu wengi wanazipenda kwa sababu gari la mnunuzi linakuja mara chache na linataka kujaa. Tabia hiyo ya ufupi ilionekana kwanza Florida, Marekani, mwaka 1914, kwenye mmea uliobadilika wenyewe. Na zipo hizi ndefu, ambazo ncha ya juu inaendelea kukua muda wote mmea uko hai, inaweka majani matatu, kichala, majani matatu, kichala. Ukitaka kujua jirani amepanda ipi, hesabu majani kati ya kichala na kichala. Yakiwa moja au mawili, na juu pamefungwa na maua, hiyo ni fupi.

Moneymaker ilianzia Uingereza, Southampton, mwaka 1913, na sifa yake kubwa huko ilikuwa kwenye nyumba za vioo. Hilo lieleweke, kwa sababu ndilo linaloeleza karibu kila tabu utakayoipata nayo Uganda. Ni mmea uliozoea kukaa chini ya paa. Jinja mvua ya Machi hadi Mei haitanii, ile ya Septemba hadi Novemba vilevile, na usiku ziwa linatuma umande wake. Jani la nyanya likilala limelowa, ule ugonjwa wa ukungu uitwao baka jani chelewa hana haja ya kubisha hodi: madoa ya rangi ya maji ya chai, weupe kama unga chini ya jani asubuhi, na baada ya siku chache mmea mzima umeungua. Kwa hiyo mimi nimeziwekea paa. Si nyumba ya vioo, ni kaveera, yaani karatasi ya plastiki, nene angavu iliyotandazwa juu ya miti, pembeni wazi upepo upite. Rafiki zangu wa barabarani waliniambia, "Kaka, si una turubai la trela?" Turubai linazuia mvua na jua pamoja. Nyanya inataka jua.

Dawa ya ukungu ya mankozebu ipo kila duka na inasaidia, lakini inakinga tu, haiponyi. Ukingoja madoa yatokee ndipo ushike bomba, umechelewa. Na zisomwe siku za kungoja kabla ya kuchuma. Watoto wanachuma na kula palepale, hawangoji kuosha.

Kuhusu kupanda sisemi mengi. Miche hukaa kitaluni wiki nne au tano, kisha unaihamisha jioni, nusu mita kati ya mche na mche. Ifukie kwa kina, hata majani ya chini ukayatoa, kwa sababu shina la nyanya likizikwa linaota mizizi. Samadi iwe imeoza. Ukiweka kinyesi kibichi cha kuku utapata majani ya kuvutia wapita njia na maua machache.

Kazi yenyewe inaanza mmea ukipita goti.

Wengi hapa huchomeka matete au mti mmoja wa kalitunsi, yaani mkaratusi, kando ya kila mche. Matete hayaubebi mzigo wa Moneymaker, na kalitunsi mbichi mchwa wanaila kuanzia chini mpaka siku ya upepo unakuta vyote vimelala. Mimi nimesimamisha nguzo mbili nzito zilizopakwa oili chafu sehemu ya kuzikwa tu, nikapitisha waya juu, na kila mmea unapanda kwa kamba yake iliyoshuka kutoka kwenye waya. Kamba ya juu naifunga kwa fundo lile lile la kukazia turubai, linalokazika na kulegezwa bila kukatwa. Faida yake ni hii: mmea ukigusa waya, nalegeza kamba, naushusha mmea taratibu, shina lililokwisha kuzaa linalala chini kwenye matandazo, na ncha inapata nafasi ya kupanda tena. Shina nililolinyoosha msimu uliopita lilikuwa limepita mita tatu, na bado juu lilikuwa na maua. Wakulima wa nyumba za plastiki hufanya hivyo kila siku. Sijui kwa nini watu wa majumbani hatuambiwi.

Kushikiza shina kwenye kamba, acheni nailoni za dukani. Byayi, yale maganda makavu ya mgomba, ni laini, hayamkati mmea, hayana bei, na msimu ukiisha yanaoza mahali pake. Funga kwa umbo la nane, shina likiwa na nafasi ya kunenepa.

Halafu machipukizi. Kila kwapa, pale jani linapotoka shinani, patatoka tawi jipya. Ukiyaacha yote, utapata msitu, na ndani ya msitu hakuna upepo, na pasipo upepo baka jani anahamia. Nayavunja kwa vidole asubuhi yakiwa mafupi kuliko kidole gumba. Wembe situmii, kwa sababu unabeba ugonjwa kutoka mmea hadi mmea. Naacha shina moja, au mawili kwa mmea wenye nguvu. Jaja, bibi wa nyumba ya pili, aliniona nikivunja akasimama ukutani: "Ssebo (bwana), mti umekukosea nini?" Nikamwambia, jaja, nauondolea mizigo. Akaniambia kwao nyanya zinaachwa na zinazaa. Kweli zinazaa, zile fupi. Hizo ukizivunja machipukizi unajipunguzia mavuno mwenyewe. Ndiyo maana nasema pakiti iandike.

Majani ya chini nayo yanatoka kidogokidogo, hadi usawa wa kichala kinachoanza kuiva, ili udongo usirukie majani mvua ikipiga. Kwa matandazo natumia majani makavu ya miwa. Upande wa Kakira miwa ndiyo uchumi, majani hayana thamani kwa mwenyewe, unayapata kwa kusalimia vizuri.

Maji yawe ya kipimo kimoja, na chini, si juu ya majani. Ukikausha wiki nzima kisha ukafurikisha, matunda yanapasuka, na mengine yanaota doa jeusi kitakoni. Huo si ugonjwa wa kupulizia dawa. Mmea umeshindwa kupeleka chokaa kwenye tunda kwa sababu maji yalikatika njiani. Wauzaji wengine watakuuzia chupa kwa ajili ya hilo. Nunua ndoo.

Mahali ambapo Moneymaker inaanguka kabisa ni mnyauko bakteria. Mmea unanyauka mchana ukiwa bado kijani, siku mbili tatu umekwisha. Kata kipande cha shina, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi: ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka, ndio huo, na udongo ule utabaki nao kwa miaka. Hakuna dawa ya kupuliza. Kwenye kona yangu moja ambayo ina tatizo hilo, napanda Moneymaker ndani ya magunia ya udongo uliotoka kwingine. Asiye na nafasi ya magunia, na udongo wake unajulikana una mnyauko, atafute MT 56, mbegu inayojulikana hapa Uganda kwa kuvumilia ugonjwa huo. Ni fupi, lakini fupi iliyo hai ni bora.

Kantangaze naye yupo, yule kiwavi anayechora njia ndani ya jani mpaka linabaki karatasi. Uani, ambako mimea ni michache, vidole vinatosha: unaliminya jani palipochorwa, unalitoa, unalifunga kwenye mfuko. Ukilitupa chini ya mmea umemhamisha chumba tu.

Tuje mezani. Tunda la Moneymaker ni la wastani, mviringo, ganda jembamba, maji mengi, uchachu kidogo. Kwa mchuzi hakuna mfano: linayeyuka lenyewe, huhitaji nyanya ya kopo. Mama watoto analitia kwenye samaki wa Masese, mimi nalitaka kwenye kachumbari yenye ndimu na pilipili, kama nilivyolelewa. Lakini kijana anayepika rolex, chapati iliyokunjiwa mayai, kwenye kona yetu alizijaribu akanirudishia kwa heshima zote. "Mzee, tamu ni tamu, ila zinalowesha chapati." Ana haki. Yeye anataka nyanya kavu inayokatika nyembamba. Na zikiwiva hazikai, siku chache tu zimelegea. Kusafirisha ndiyo kabisa. Nimebeba nyanya kwenye lori, naijua barabara inavyofanya kwa ganda jembamba.

Kinachonifanya nisihame ni kwamba zinakuja kidogokidogo kwa muda mrefu. Zile fupi zinakujaza beseni wiki mbili kisha zinakuaga. Hii ndefu, kichala cha chini kinaiva wakati cha juu kinachanua, jikoni kuna nyanya kila siku, na wakati wa kiangazi ambapo fungu la sokoni linapanda bei na kupungua ukubwa, sisi hatuulizi bei.

Mbegu yenyewe ni rahisi kuhifadhi. Tunda lililowiva kabisa kutoka mmea usio na ugonjwa, kamua kwenye kikombe, acha siku mbili tatu utelezi ule uchachuke na kujitenga, suuza, anika kwenye sahani kivulini. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, kwa hiyo hata jirani akipanda aina nyingine, yako itabaki ileile kwa kiasi kikubwa.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimewanyima watengeneza pakiti, na si kwa ajili ya maandishi peke yake. Gramu moja ya mbegu za nyanya ina mbegu mia tatu au zaidi. Pakiti niliyoikuta dukani ni ya gramu kumi. Ua wangu ukijaa kabisa, kamba ya nguo ikiwa imebaki mahali pake, hauchukui hata miche ishirini. Hizo elfu tatu mnamuuzia nani? Wekeni pakiti ya mbegu hamsini kwa bei ya watu wa uani. Kwa sasa ninazo za kugawa. Aliye Jinja aje na kikopo chenye mfuniko unaobana, si bahasha, maana unyevu wa ziwa hapa unaingia hata kwenye chumvi.