TAHADHARI: "Safari ya wanawake tu" ya jangwa la Kutch inayouzwa Tabora na Kigoma ni utapeli

Akina mama na dada zangu wa Tabora, na nyie wa Kigoma ambao nasikia tangazo limeshawafikia: kuna safari inauzwa WhatsApp, "wanawake tu, nafasi 12 tu", siku 9 kwenye jangwa la Kutch, Gujarat, India, kuangalia sanaa, kudarizi, kupiga chapa vitambaa na maisha ya watu wa huko. Msitume hela. Safari hiyo haipo. Wanawake wa kikoba chetu hapa Ng'ambo wameshaliwa, wa Isevya na Cheyo pia wamo, na mpaka naandika hakuna aliyerudishiwa hata mia.

Nimeshasikia watu mjini wanacheka kwamba wamama wanapenda vya bure. Nani alitaka cha bure? Kwenye kikoba chetu wengi ni watu wa batiki, wengine wanadarizi vitambaa vya makochi na mashuka ya maharusi. Kwenda kukaa na mafundi wa Kutch, ukaona wanavyochanganya nili, ile rangi ya buluu ya mimea, ni jambo ambalo mtu wa kazi hii anaweza kuliwekea akiba miaka. Na safari za vikundi vidogo vya wanawake zipo kweli duniani, zinaendeshwa na kampuni halali. Huyu tapeli ameiga kitu kilichopo, na ndiyo maana amewapata watu makini.

Anayeongea ni mwanamke mwenye sauti ya upole, anaita kila mtu "kipenzi". Aliingilia kwenye kundi la mafundi cherehani, akamwaga tangazo, kisha akahamishia waliovutiwa kwenye kundi lake ambako admini peke yake ndiye anayeandika. Hapo ndipo mchezo wote ulipo. Kama hakuna anayeruhusiwa kuandika, mwenzako akishalizwa hutajua. Kila jioni zinashuka picha na sauti za "washiriki wa mwaka jana" wakimshukuru Mungu na mratibu. Bei ni 2,850,000, eti ndani yake kuna tiketi ya ndege, viza, hoteli, chakula na mafunzo. Advansi 450,000. Ukishatoa advansi zinafuata ndogondogo: 150,000 ya viza, hela ya bima, hela ya chanjo, na kwa asiye na pasi, 350,000 ya "kuharakisha pasi". Pasi ya kusafiria ya Tanzania ni 150,000, na inalipwa serikalini kwa kontroo namba, si kwa kipenzi wa WhatsApp.

Halafu kuna sharti la kutowaambia waume. Maneno yake kwenye sauti ninayo: "Wanaume wataanza maswali, watatuharibia." Mwanamke akisema hivyo kwa wanawake wenzake inaonekana ni utani wa kina dada tu. Kumbe anaondoa watu wa kuuliza maswali. Na pesa zenyewe zikitumwa, jina linalotokea kwenye simu ni la mwanaume. Walipomuuliza akajibu ni mhasibu.

Mimi ni katibu wa kikoba, nikaombwa na wenzangu nichunguze. Nilianza na picha. Pale mjini kuna mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, ukoo wao ulitoka Mandvi, bandari ya huko huko Kutch. Familia nyingi za Kihindi za Afrika Mashariki asili yao ni pande hizo. Nikampa simu. Akavaa miwani, akaivuta picha kwa vidole viwili, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama, nani kakwambia hapa Kutch?" Picha ile ina mabirika mengi ya mviringo yamejaa rangi, wanaume wamesimama ndani mpaka magotini. Wanatia rangi ngozi. Ni Chouara, kiwanda cha ngozi cha zamani katika mji wa Fes, Moroko. Picha ya pili ina vilima vya mchanga mwekundu na msafara wa ngamia. Mzee akatikisa kichwa. Jangwa maarufu la Kutch, wanaloliita Rann, ni la chumvi, jeupe, bapa kama sakafu. Vilima vya mchanga vya namna ile hakuna.

Nikamsomea maandishi: "Julai tutalala kwenye mahema juu ya chumvi nyeupe, mwezi mpevu." Alicheka mpaka msaidizi wake akaja kuangalia kuna nini. "Julai utalala majini!" Mvua za masika ya India hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba, na miezi hiyo Rann hufunikwa na maji. Chumvi huonekana maji yakishakauka, ndiyo maana tamasha lao kubwa la Rann Utsav, pale Dhordo, hufanyika majira ya baridi, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi kama Februari. Na kuingia eneo la chumvi kunahitaji kibali. Cha kuchukua mwenyewe hutolewa kituo cha ukaguzi cha Bhirandiyara. Mratibu alipoulizwa habari za kibali alijibu, "Hiyo tumeshamalizana na balozi."

Kwenye ufundi ndipo alipojimaliza kabisa, maana alisahau anaongea na mafundi. Tangazo linasema mtajifunza ajrakh mchana mmoja na jioni mnarudi hotelini na vitenge vyenu. Wenye kujua batiki hapo mmeshaguna. Ajrakh ni kitambaa kinachofuliwa, kinalowekwa, kinapigwa mihuri ya mbao yenye chokaa na gundi ili kuzuia rangi, kinatumbukizwa kwenye nili, kinaanikwa, kinafuliwa tena, kinachemshwa na rangi nyekundu ya mimea, na mengine kati yake. Ni kazi ya siku nyingi, na maji ndiyo roho yake. Baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 26 Januari 2001 lililobomoa sehemu kubwa ya Kutch, maji ya kijiji cha Dhamadka yalibadilika, madini ya chuma yakazidi, rangi zikawa haziji sawasawa. Mafundi wengi wakahama wakaanzisha kijiji kipya, Ajrakhpur, karibu na mji wa Bhuj. Watu wamehama kijiji kwa sababu ya maji ya kutilia rangi, halafu huyu anatuambia mchana mmoja!

Kuna pia mahali ameandika "mazulia ya rogan". Rogan si zulia. Ni rangi inayopikwa kwa mafuta ya nyonyo mpaka inakuwa nzito inavutika, fundi anaiweka kiganjani, anaivuta kama uzi kwa kijiti cha chuma na kuulaza juu ya kitambaa. Kisha anakunja kitambaa katikati ili upande wa pili upate mchoro uleule. Kijiji cha Nirona ndicho kinachojulikana kwa kazi hiyo. Yeyote aliyewahi kupeleka hata mgeni mmoja Kutch asingekosea hapo.

Sasa barua za viza. Viza ya utalii ya India huombwa mtandaoni kwenye tovuti ya serikali yao, kila mtu na ombi lake na namba yake, na unaweza kuangalia mwenyewe limefikia wapi. Barua walizotumiwa wanne wa kikoba chetu zina namba moja ya maombi. Majina tu ndiyo yamebadilishwa, na la mmoja limeandikwa kwa herufi za aina nyingine kabisa, unaona kwa macho kwamba limebandikwa. Cheti cha BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, alichotuma nacho ni cha watu wengine. Ukitafuta jina lile kwenye mfumo wa BRELA linakuja duka la pembejeo. Nikamuomba leseni ya TALA, ambayo wafanyabiashara wa utalii wanapewa na Wizara ya Maliasili na Utalii. Akanitoa kwenye kundi. Ndani ya saa chache na wenzangu wote waliolipa wakatolewa, picha yake ya wasifu ikapotea.

Kwa mliolipa. Kama umetuma leo, usimalizie kusoma hapa, piga kwanza huduma kwa wateja ya mtandao wako wazuie muamala, maana hela ikishatolewa kwa wakala imekwenda. Kisha polisi, uchukue RB (namba ya taarifa yako kituoni), ukiwa na meseji zote za miamala. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Meseji na sauti zake usifute hata kama zinakutia hasira. Mliompa picha za pasi na vitambulisho vya NIDA, pigeni *106# muone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao wa laini hiyo waifute. Na mjihadhari na awamu ya pili: dada mmoja wa Cheyo kapigiwa na mtu anayejitambulisha kuwa ni "afande wa kitengo cha mtandao", anataka 50,000 ya kufuatilia mwizi. Polisi hawaombi hela kwa simu. Ni kundi lilelile.

Wa Kigoma, tangazo lililofika Mwanga na Ujiji limebadilishwa kidogo. Kutch imetoka, sasa ni "Sahara, Moroko", lakini picha ya mabirika ya Fes ni ileile (safari hii angalau nchi kapatia), namba ya kutumia hela ni ileile, na ameongeza "ndege ya moja kwa moja Kigoma hadi Marrakech". Kama kuna anayeijua ndege hiyo atuambie na sisi. Msigombane naye kwenye simu, mtampa nafasi ya kufuta. Pigeni skrinishoti ya tangazo, namba na jina linalotokea kwenye muamala, kisha mzipeleke kituo cha polisi mlicho karibu nacho mkitaja kwamba Tabora tayari kuna jalada. Wa hapa Tabora ambao hawajaandikisha, katibu wa kikoba chenu awasiliane na mimi, twende kwa pamoja.