Uzoefu wangu na vitamini D3 na kalsiamu kwenye miasthenia gravisi: soma kibandiko kwanza

Miasthenia gravisi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia vipokezi vinavyopokea amri ya neva kwenye misuli, hivyo misuli huchoka na kulegea haraka. Nianze na hili ili usipoteze pesa: vitamini D3 na kalsiamu haviinui kope iliyolegea, wala haviondoi kuona vitu viwili viwili. Hiyo ni kazi ya piridostigmini (kidonge cha kuipa misuli nguvu kwa saa chache) na dawa za kutuliza kinga. Kuna utafiti mdogo wa Uswidi wa mwaka 2012 ambapo wagonjwa wachache waliopewa D3 ya 800 IU kwa siku walipata nafuu ya uchovu, lakini haukuwa na kundi la kulinganisha lililopewa vidonge visivyo na dawa. Mimi siupimi uzuri wa vidonge hivi kwa nguvu za misuli. Navitumia kwa sababu ya prednisoloni, dawa ya steroidi ninayotumia kutuliza kinga.

Prednisoloni inakula mifupa. Inapunguza kalsiamu inayofyonzwa tumboni, inaongeza inayopotea kwenye mkojo, na inazidhoofisha seli zinazojenga mfupa. Upotevu mkubwa hutokea miezi ya mwanzo, kwa hiyo usisubiri mgongo uanze kuuma ndipo umuulize daktari.

Kwa siku natumia D3 ya 1,000 IU (kwenye chupa nyingine imeandikwa mikrogramu 25, ni kitu kilekile) na kidonge kimoja cha kalsiamu kaboneti cha 1,250 mg. Hiyo 1,250 ni uzito wa kaboneti nzima. Kalsiamu yenyewe ni asilimia 40, yaani 500 mg. Lengo la kawaida ni 1,000 hadi 1,200 mg kwa siku, chakula kikiwemo, na glasi ya maziwa ina karibu 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao nao wanachangia vizuri. Kaboneti inahitaji asidi ya tumbo, hivyo imeze pamoja na chakula. Kama umepewa omeprazoli ya kulinda tumbo, uliza kuhusu kalsiamu sitreti, ambayo haitegemei asidi. Usimeze zaidi ya 500 mg za kalsiamu kwa mkupuo. Mwili hauwezi kuzifyonza zote. D3 nayo inapenda mlo wenye mafuta kidogo.

Sasa magnesiamu, na hapa naomba usome taratibu. Neva ikitaka kuamsha msuli, kalsiamu huingia kwenye ncha yake na kuifanya imwage asetilikolini, kemikali inayopeleka amri kwenye vipokezi vya msuli. Magnesiamu huiziba njia hiyo ya kalsiamu. Mtu asiye na ugonjwa huu hasikii kitu, lakini sisi vipokezi vyetu tayari vimepungua, na asetilikolini ikipungua pia, udhaifu unaongezeka. Hatari kubwa kuliko zote ni ya mshipani: magnesiamu salfeti inayotumika kwa kifafa cha mimba inaweza kumfikisha mwenye miasthenia kwenye kushindwa kupumua. Mjamzito mwenye ugonjwa huu aandikishe miasthenia yake kwenye kadi ya kliniki mapema kabisa, kwa herufi kubwa.

Kwenye vidonge vya dukani magnesiamu hujificha. Chupa nyingi za kalsiamu ni mchanganyiko wa kalsiamu, magnesiamu na zinki, na mbele pameandikwa kalsiamu tu kwa maandishi makubwa. Geuza nyuma utafute "Mg" yenye kiasi cha miligramu pembeni. Multivitamini nyingi za kuyeyusha kwenye maji zinayo, na pia dawa nyingi za kiungulia na baadhi za kulainisha choo. Ukikuta magnesiamu stearati kwenye viambato vya mwisho, usiogope. Ni kilainishi cha kutengenezea kidonge na kiasi chake ni kidogo mno. Magnesiamu ya mchicha na maharage haina neno. Na kama vipimo vya damu vimeonyesha umepungukiwa, aamue daktari anayejua una miasthenia.

Kumeza ni shida nyingine. Kidonge cha 1,250 mg ni kikubwa kama punje nene ya harage, na koo lililochoka hukikwamisha. Mimi hukipangia muda: piridostigmini kwanza, kisha kama dakika 45 baadaye chakula na kalsiamu, wakati koo liko imara. Vya kutafuna vinachosha taya. Vya kuyeyusha vina chumvi ya sodiamu, na maji mepesi ndiyo yanayopalia kirahisi. Kaboneti ya kawaida inaweza kusagwa ikachanganywa kwenye uji mzito, ila piridostigmini ile inayotoa dawa polepole usiisage kamwe.

Utaambiwa "ota jua tu". Joto huzidisha udhaifu wa miasthenia, na anayetumia azathioprini, mojawapo ya dawa za kutuliza kinga, anatakiwa ajikinge na jua. Ndiyo maana kwangu kidonge kina maana hata huku kwenye jua la mwaka mzima. Lakini usizidishe. Zipo kapsuli za 50,000 IU za kumeza mara moja kwa wiki, kwa wiki chache, kwa aliyepimwa akakutwa na upungufu. Ukimeza hiyo kila siku, kalsiamu hupanda kwenye damu: kiu, mkojo mwingi, choo kigumu, kuchanganyikiwa, hata mawe ya figo.

Vidonge vya B1, B6 na B12 vinavyouzwa kwa ajili ya ganzi sivipendekezi kwa matumizi ya muda mrefu. Vingine vina B6 hadi 200 mg kwa kidonge, wakati mahitaji ya siku hayafiki hata 2 mg, na B6 nyingi kwa miezi huharibu neva na kuleta ganzi ileile. B12 ipime kwanza, hasa kama sukari imepanda ukawekwa kwenye metfomini, dawa ya kisukari inayoweza kushusha B12.

Virutubisho vya "kuongeza kinga" niliviacha dukani. Kinga yetu ndiyo inayoshambulia vipokezi vya misuli, hatuhitaji kuichochea.

Nanunua chupa mbili, D3 peke yake na kalsiamu peke yake, hata kama mchanganyiko ni nafuu. Choo kikianza kuwa kigumu naweza kupunguza kalsiamu bila kugusa D3, na kibandiko chenye kiambato kimoja nakisoma hata jioni, macho yakiwa yameshachoka.