Tathmini ya kamera mtego ya bei ya kati kwa mtafiti wa wanyamapori

Vijana wanaomaliza masomo ya wanyamapori Mweka, SUA au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huuliza mara kwa mara ni kamera mtego ipi, yaani ile inayofungwa porini ikapiga picha yenyewe mnyama anapopita, wainunue ili waanze utafiti wao. Ninayoitathmini hapa ni ile ya bei ya kati, inayouzwa kwa laki kadhaa za shilingi, inayotumia betri nane ndogo za AA na kadi ya kumbukumbu. Chapa siitaji, kwa kuwa za daraja hili hufanana karibu katika kila jambo la maana, na wingi wa megapikseli unaopigiwa debe na wauzaji haumsaidii mtafiti hata kidogo.

Kinachomsaidia ni kihisi. Kamera hii hujifyatua pale kitu chenye joto tofauti na mazingira kinapokatiza mbele yake, na ndiyo maana jua la utosi likishapasha ardhi hadi kukaribia joto la mwili, swala anaweza kupita asinaswe, ilhali nyasi zilizopata jua zikiyumbishwa na upepo hupigwa picha mpaka kadi inajaa. Usiku hutumia mwanga wa infraredi. Zipo zenye taa inayong'aa wekundu hafifu, ambazo picha zake ni angavu zaidi, na zipo zisizoonekana kabisa, ambazo picha zake hufifia kidogo mnyama akiwa mbioni. Mimi huchagua zisizoonekana, kwa kuwa ule wekundu humshtua chui na pia humwonyesha mwizi mahali kamera ilipofungwa.

Mhitimu anayeingia katika fani hii huwa amejiandaa miaka mingi kumtazama mnyama. Siku hizi kamera ndiyo inayomtazama, na yeye huachiwa betri. Kufungua kamera iliyokaa mwezi mzima msituni kunahitaji subira: kufuli limeshika kutu, sisimizi wamehamia na mayai yao kwenye upenyo wa mlango wa betri, na mbung'o wanauma shingo kupitia kola ya shati wakati mikono yote miwili ina kazi. Fisi hutafuna mkanda, na tembo akiikasirikia huing'oa pamoja na kigingi chake. Kwa hiyo kisanduku cha chuma, ambacho wauzaji wengi hukihesabu kuwa ni nyongeza ya hiari, kihesabiwe kuwa sehemu ya bei.

Kasoro kubwa kuliko zote ni saa yake. Kamera huhesabu kuanzia usiku wa manane, nasi tunahesabu kuanzia mapambazuko, hivyo msaidizi anayeiwasha saa nne asubuhi akaandika 4:00 badala ya 10:00 huleta picha za adhuhuri zenye muhuri wa 6:00, na mchanganuo mzima wa nyakati za wanyama kutembea hupinda. Hilo hurekebishika. Lisilorekebishika ni pale betri zinapotolewa kwa muda mrefu na tarehe kurudi ya kiwandani pasipo mtu kugundua. Dawa yake ni kupigisha kamera picha ya skrini ya simu yenye tarehe na saa, siku ya kuifunga na siku ya kuifungua.

Baada ya pori huja meza, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mradi wa Snapshot Serengeti, ulioanza mwaka 2010 kwa kamera 225 zilizotandazwa katika kilomita za mraba 1,125, ulikusanya katika miaka yake mitatu ya mwanzo seti milioni 1.2 za picha, na zenye wanyama zilikuwa 322,653 tu. Zilizobaki zilikuwa takriban zote nyasi, vivuli na upepo. Wao walisaidiwa na maelfu ya watu wa kujitolea kupitia intaneti. Mwanafunzi wa uzamili mwenye kompyuta moja hana watu hao, na mkataba wake hufuata fedha za wafadhili: mradi ukifungwa, kamera hurudishwa stoo na msaidizi hurudishwa mtaani. Mradi mmoja niliowahi kuufanyia kazi ulinunua kamera za kutosha bonde zima na haukutenga fedha za betri za msimu wa pili.

Hata hivyo sijawahi kumshauri mtu asiinunue. Mwaka 2005 kamera mtego zilinasa katika msitu wa Ndundulu, Milima ya Udzungwa, sengi (mnyama mdogo mla wadudu mwenye pua ndefu) mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi haikuwa ikimjua, na mwaka 2008 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya. Huhitaji kupata spishi mpya ili uionje raha hiyo. Madoa ya chui hayafanani kati ya mmoja na mwingine, wala ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia, ndiyo maana kamera hufungwa mbili mbili zikitazamana. Na baada ya maelfu ya picha za majani, kumtambua kwa madoa yake jike yule yule wa mwaka jana, safari hii akifuatwa na mtoto, ni malipo ambayo hayamo katika posho yoyote.

Ningeipa alama saba kati ya kumi. Nunua chache, uziweke mbili mbili, utumie betri za lithiamu ukiweza kuzimudu, na kibali cha kufanya utafiti hifadhini, kinachopitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania), ukiombe mapema. Kwenye ardhi ya kijiji anzia ofisi ya kijiji: waonyeshe wazee kifaa, waeleze kwamba kinamnasa hata mama anayepita na mzigo wa kuni, na waahidi kwamba picha za watu zitafutwa. Kamera zilizofungwa kimyakimya ndizo zinazoibiwa kwanza, na kwenye daraja hili la bei hakuna kufuli linalozuia panga.